Mahubiri yapitie kwenye Injili

Jumapili ile ilisomwa Injili ya vibarua wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta watu wa kazi, anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa na hata saa kumi na moja. Jioni wote wanalipwa dinari moja, ujira wa kutwa. Walioanza alfajiri wananung'unika.

Tukaketi. Kwenye mabenchi ya nyuma walikuwapo vijana wa kijiweni, wale wanaosimama barabarani kila asubuhi na sururu na beleshi wakingoja gari lisimame. Wanajua ilivyo saa tano ikikukuta hujaitwa. Wanajua kurudi nyumbani mikono mitupu. Siku hiyo walisikiliza kweli. Mhubiri akafunga kitabu, akauliza bahasha za mchango wa uzio zimerudi ngapi. Dakika arobaini baadaye tulikuwa bado kwenye uzio.

Hatuna ugomvi na uzio. Kanisa hujengwa na wenyewe, na mchango hauna aibu. Tunachokataa ni Injili kusomwa kama wimbo wa kufungulia hafla, kisha ikawekwa kando mambo mengine yaendelee.

Masomo ya Jumapili hayakupangwa kwa urembo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza waumini wafunguliwe hazina ya Biblia kwa ukarimu zaidi, na mahubiri ya Dominika yasiachwe bila sababu nzito. Mwaka 1969 ukatoka mpangilio wa miaka mitatu: Mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka. Yohana anasikika zaidi Kwaresima na Pasaka, na kwa kuwa Marko ni mfupi, Mwaka B anaazimwa Yohana kwa Dominika tano za mkate wa uzima. Walutheri nao wana kalenda yao, na Waanglikana vivyo hivyo.

Uzuri wa kalenda ni kwamba mhubiri hachagui. Anayependa kukaripia atapangiwa baba anayemkimbilia mwana mpotevu. Anayependa kuwasifu wenye fedha atakutana na Lazaro amelala mlangoni mwa tajiri. Anayeahidi utajiri kila wiki, Kwaresima itamfikisha msalabani atake asitake. Akiikwepa Injili ya siku, anabaki na yale anayoyapenda yeye, na waumini watayasikia hayo hayo mwaka mzima.

Wapo wanaosema watu wana shida zao na masomo ya kupangiwa hayazigusi. Si kweli. Chukua mfano ule ule wa vibarua. Mhubiri wa Ulaya akifika kwenye saa kumi na moja hana budi kueleza ni saa ngapi. Sisi tunatazama saa ya ukutani: ni saa kumi na moja hii hii, jua linaelekea kuzama na mtu hajapata kazi. Injili ilikuwa imekwisha kufika kijiweni. Ilihitaji mtu wa kuuliza tu: aliyesimama kutwa bila kuitwa, watoto wake wale nini? Na sisi tulioitwa alfajiri, kwa nini jicho letu linauma mwenzetu akipata?

Kwa hiyo tunasema haya. Maandalizi yaanze mapema, si Jumamosi usiku. Jumuiya ndogo ndogo nyingi huisoma Injili ya Jumapili ijayo zinapokutana. Mhubiri aende akae nazo, anyamaze, asikilize linalowachoma. Michango na matangazo yangoje mwisho wa ibada. Na mahubiri yawe mafupi: Papa Fransisko alisema mwaka 2024 yasizidi dakika nane. Asiyeweza kulisema jambo kwa dakika nane, mara nyingi bado hajajua anataka kusema nini.

Tusiwasahau makatekista. Vigango vingi humwona padre kwa nadra, na Jumapili nyingi anayesimama mbele ni katekista mwenye Biblia iliyochakaa na baiskeli. Parokia inayopata fedha za spika mpya impatie kwanza kitabu cha masomo na siku chache za mafunzo.

Waumini nao wana sehemu yao. Anayeijua Injili ya siku kabla ya kutoka nyumbani hadanganyiki kirahisi, na akimuuliza mhubiri kwa heshima mbona hakuigusa, mhubiri atajiandaa vizuri wiki ijayo.

Jumatatu asubuhi vijana wale walikuwa kijiweni tena. Mwenye shamba aliwafuata watu sokoni mara tano kwa siku moja. Mhubiri anaombwa awafuate mara moja kwa wiki, kwa dakika nane.