MABILIONI YA WINGU: ULIZA WAMEHESABU NINI!

Kijana mwenzangu, dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu hili lanyesha kwa wenzako! Kigogo akipanda jukwaani kukutajia mabilioni ya soko la “wingu”, yaani biashara ya kukodisha kompyuta na programu kwa njia ya intaneti, usiharakishe kupiga makofi.

Novemba 2023 kampuni ya Gartner ya Marekani ilitabiri kuwa mwaka 2024 dunia ingelipia wingu dola bilioni 679. Novemba 2024, Gartner hao hao wakasema ni bilioni 596. Bilioni 83 zimeyeyuka! Kampuni ya Synergy nayo, kwa mwaka huo huo, ilihesabu bilioni 330 tu. Siri ni nini? Gartner wanajumlisha na programu za kukodi. Synergy wanaziacha nje.

Na hizo 330, zaidi ya nusu ziliingia mifuko mitatu: Amazon, Microsoft na Google.

Utabiri si ajira, ndugu yangu. Ukitajiwa mabilioni, uliza: Wamehesabu nini? Nani analipa? Nani anapokea? Wakikosa jibu, kura unayo!