Jicho la kichanga likitoa usaha, usikamulie maziwa

Mtoto ana siku tatu. Asubuhi anaamka kope zimegandana, jicho limevimba na linatoa usaha wa njano. Kabla hujafikiria kituo cha afya, nyumbani unaambiwa: "Mkamulie maziwa yako kidogo, jicho litasafika."

Ushauri huu umezoeleka, na anayeutoa ana nia njema. Lakini unaweza kumgharimu mtoto uwezo wa kuona.

Wanaoutetea wana hoja. Bakteria, kama sisi, wanahitaji madini ya chuma ili wakue na kuzaliana, kwa hiyo mwili huwaficha madini hayo. Kwenye machozi kuna protini iitwayo laktoferini, ambayo huyashika madini ya chuma kwa nguvu ili bakteria wasiyapate. Bakteria waliokosa chuma hushindwa kuongezeka haraka. Protini hiyo imo pia kwenye maziwa ya mama, hasa yale ya mwanzo ya njano.

Tatizo ni kwamba bakteria nao wana mbinu zao. Wapo wanaotoa kemikali za kunasa chuma na kukirudisha kwao. Vimelea vya kisonono hupora chuma moja kwa moja kutoka kwenye protini za mwili, na baadhi hukipora hata kwenye laktoferini yenyewe. Matone machache ya maziwa hayawezi kuwazuia.

Vimelea hivyo ndivyo mtoto anavyoweza kuvipata wakati wa kuzaliwa, ikiwa mama ana maambukizi. Wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote. Usaha mara nyingi huanza kati ya siku ya 2 na ya 5. Mtoto asipotibiwa mapema, konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, inaweza kupata kidonda, ikatoboka, na akawa kipofu. Klamidia nayo husababisha usaha, lakini kwa kawaida huchelewa zaidi.

Ufanye nini? Mtoto aliye chini ya siku 28 akitoa usaha machoni, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimtie maziwa, chai, mate, majani wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Ikithibitika ni kisonono au klamidia, mama na baba wote watibiwe. Na kabla ya kutoka wodini, muulize muuguzi kama mtoto amepakwa dawa ya macho ya kinga.

Jambo moja zaidi: mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu kwa kuogopa kwamba atawalisha bakteria. Chuma kinachoingia kwenye damu hubebwa kikiwa kimefungwa na protini, na yeye pamoja na mtoto aliye tumboni wanakihitaji.

Maziwa yako ni kinga kubwa kwa mwanao. Mpe kwa mdomo, na jicho umwachie mtaalamu.