Ajali ya Reli Ina Kinga

Kila garimoshi linapoua watu nchini, methali moja hutangulia hata kabla ya maiti kuhesabiwa: ajali haina kinga. Husemwa kwa nia njema, ili kuwaliwaza wafiwa. Hata hivyo, sisi tunaofundisha lugha tuna wajibu wa kuuliza methali hii inamkinga nani.

Neno ajali limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, hususan siku ya mtu ya kufa. Ndiyo maana Mswahili aweza kusema kwamba ajali ya marehemu ilikuwa imefika, bila gari wala garimoshi kutajwa. Basi tunapoyaita maafa ya reli ajali, tunakuwa tumekwisha kutoa hukumu kimyakimya: aliyeua ni kudura, na kudura haishtakiwi.

Hebu tuutazame mkasa wa Mutindwa, katika mitaa ya Eastlands. Asubuhi ya Jumatano, Oktoba 30, 2013, basi la abiria wa Umoja liligongwa na garimoshi lilipokuwa likivuka reli. Watu wasiopungua 11 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Lawama za mwanzo zilimwangukia dereva wa basi. Yamkini alistahili. Lakini kivuko hicho hakikuwa na kizuizi cha kuyasimamisha magari, ilhali ni mahali penye msongamano, wachuuzi wametandaza bidhaa karibu na reli na manamba wanashindana kuiwahi safari inayofuata, maana riziki yao hutegemea idadi ya safari. Garimoshi haliwezi kukwepa. Hata likipigwa breki huhitaji mamia ya mita ndipo lisimame. Kumwachia mtu mwenye haraka uamuzi wa mwisho mahali kama hapo ni kuiandaa ajali.

Kwingineko mambo ni yayo hayo. Januari 30, 1993, garimoshi katika reli ya Mombasa lilitumbukia mtoni huko Ngai Ndethya baada ya mafuriko kuliharibu daraja, na zaidi ya watu 100 wakaangamia. Mvua ni ya Mungu. Daraja ni la watu. Nchini Tanzania, Juni 24, 2002, garimoshi la abiria liliserereka kinyumenyume mteremkoni karibu na Igandu, Dodoma, likagonga la mizigo. Watu 281 walikufa. Breki nazo si kudura.

Hasara yenyewe haiishii katika tarakimu. Katika Eastlands nyumba nyingi hutegemea mshahara, au kibarua tu, cha mtu mmoja anayedamka kwenda mjini. Akifa, mchango wa mazishi hupitishwa, jeneza husafirishwa mashambani, na mwezi ukiisha mwenye nyumba hubisha hodi kudai kodi. Mtoto hufukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Na majeruhi aliyekatwa mguu, nani humkumbuka baada ya wiki moja?

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi. Mnapofundisha uandishi wa ripoti, msiikubali sentensi "basi liligongana na garimoshi" ikomee hapo. Mwanafunzi aulizwe ni nani aliyepaswa kuweka kizuizi, nani aliyepaswa kukagua breki na daraja, na aliyezembea alifanywa nini. Anayeishi kando ya reli ya Mutindwa hatakosa la kuandika.