Zawadi Isiyowaka

Wengi wetu tuna jamaa Unguja, Pemba au Dar es Salaam, na mzigo unaofungwa hapa Maskati haukosi simu, kompyuta au televisheni ya zamani. Ni jambo jema: kifaa kizima kikipata mtumiaji mwingine kimeongezewa umri. Lakini kifaa kilichokufa si zawadi. Ni taka tulizozilipia nauli.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine hutupwa, au nyaya zake huchomwa ili kupata shaba, na sumu ikaingia katika udongo, maji na mapafu ya watu.

Mkataba wa Basel wa 1989, ambao Oman na Tanzania ni wanachama, umekazwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za elektroniki, hata zisizo na sumu, hazitakiwi kuvuka mpaka kabla nchi inayopokea haijaarifiwa na kukubali. Hata hivyo, mkataba hauingii chumbani mwetu tunapofunga mzigo. Hapo wajibu ni wetu.

Wenzangu, tujaribu kila kifaa kwanza. Kikiwaka, kiende pamoja na chaja yake. Kisipowaka, kibaki hapa. Chama chetu kiweke sanduku la kukusanyia chuoni, na kizungumze na be'ah, kampuni inayosimamia taka nchini, kuhusu pa kuvipeleka. Mafundi wa kwetu ni hodari, lakini hawafufui kila kitu, na kisichofufuka kitawabakia wao.