Samaki wa Tangi na Samaki wa Jiwe

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa, kwani asiyekubali kosa lake hana haki ya kukosoa wenzake. Niliwahi kuua samaki saba kwa siku moja, na silaha yangu ilikuwa kitambaa cha kuoshea vyombo.

Nilikuwa naishi Mbinga mjini. Samaki wenyewe niliwatoa kwenye miamba ya Liuli, nikawapandisha milimani ndani ya ndoo: wadogo, urefu wa kidole, wa buluu wenye mistari myeusi. Fundi wa madirisha aliniundia tangi la kioo, nami nikaliweka sebuleni na kujiona bwana mkubwa. Jumapili moja nikaamua kulisafisha. Nikawahamishia samaki kwenye ndoo, nikasugua kioo kwa sabuni ya unga, nikasuuza mara moja, nikajaza maji, nikawarudisha. Kabla ya jua kuzama walikuwa wote juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Asubuhi hakubaki hata mmoja.

Mwalimu mmoja wa baiolojia ndiye aliyenifumbua macho. Samaki, alisema, huvuta hewa kwa mashavu, yale matamvua mekundu ambayo ngozi yake ni nyembamba mno. Mwili wake nao umefunikwa na ute unaomkinga. Kazi ya sabuni ni kuondoa mafuta na ute, haijui kuchagua kati ya sufuria na samaki. Ile ndoo nayo ilikuwa ya kufulia nguo.

Tangu hapo nimejifunza masharti ya wafugaji wa samaki, na ni vyema uyajue kama una tangi nyumbani. Ndoo ya samaki iwe ya samaki tu, isiguswe na sabuni maisha yake yote. Kioo cha ndani husuguliwa kwa kitambaa kipya na maji matupu, na madoa sugu kwa siki, kisha kusuuzwa sana. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutumiwa. Ukipuliza dawa ya mbu, funika tangi na uzime pampu, kwani pampu huvuta hewa ya chumba na kuiingiza majini, na dawa nyingi za mbu ni sumu kali kwa samaki kuliko kwa mtu. Mikono yenye sabuni au manukato isiingizwe ndani.

Masharti hayo yanafuatwa leo Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa ajili ya samaki wa ziwa letu. Biashara ya kuwasafirisha kwa ndege ilianza upande wa Malawi miaka ya 1960, na jina lao la huko, mbuna, limekuwa jina la dunia nzima. Mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kuiona Mbamba Bay anaogopa kupuliza dawa ya mende chumbani asije akamdhuru samaki wa huku. Na sisi wenye samaki tunafanya nini?

Simama asubuhi kwenye miamba yoyote ya mwambao, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay. Utaona masufuria, mablanketi, pikipiki, na povu jeupe likishuka kwenye nyufa za mawe. Nyufa hizo ndizo nyumba za mbuna. Anakula ukoga ulioota juu ya jiwe, na jike hubeba mayai na watoto kinywani kwa majuma kama matatu. Hahami. Aina nyingine huishi kwenye miamba ya sehemu moja tu, na mchanga uliopo kati ya jiwe na jiwe kwake ni kama bahari kwa mtu asiyejua kuogelea.

Wapo watakaonicheka. Watasema ziwa lina kina cha mita 700, beseni la povu litalifanya nini? Nami nawajibu: samaki haishi kwenye ziwa zima. Chini ya mita 250 hivi hakuna hewa ya kumtosha samaki. Maisha yote yako juu na pembezoni, pale pale tunapofulia. Tena ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire, na sehemu kubwa ya maji huondoka kama mvuke. Mvuke hauchukui uchafu, tunachokimimina kinabaki. Hilo ni tangi, ndugu yangu, ila kubwa. Na sabuni zenye fosfeti ni mbolea ya majani ya majini, ambayo huvuruga maji. Kwenye Ziwa Victoria watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakipoteza uangavu, majike hushindwa kutambua madume ya aina yao kwa rangi, na aina za samaki huanza kuchanganyika na kupotea.

Lakini sitaki kuungana na wale wanaoshuka kwenye magari na kuwakaripia akina mama. Nilijaribu siku moja, nikaaibika. Nilimwamkia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisugua sufuria, nikaanza hotuba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, maneno yako mazuri. Sasa hilo bomba liko wapi?" Sikuwa na jibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli zinazoweza kuharibu mazingira. Sheria nzuri! Lakini mita 60 ni safari ya ndoo kichwani, na sheria haibebi ndoo. Anayeandika mita 60 bila kuchimba kisima amemwandikia mama mzigo.

Basi tufanye nini wakati tukingojea bomba? Tuwatazame Wamatengo huko milimani. Babu zao waliona mvua ikiteremsha udongo, hawakumngojea mtaalamu. Walichimba ngolo, mashimo yanayoyashika maji na udongo mlimani, na mahindi na maharage yakastawi. Nasi mwambaoni tuchimbe shimo moja kila kitongoji, mbali na maji, tuweke mawe ya kufulia kando yake. Maji safi yatekwe ziwani, povu limwagwe shimoni. Udongo una vijidudu vinavyoila sabuni. Shavu la samaki halina. Na wanaume, ambao ndio wenye pikipiki, wabebe ndoo pia.

Mwambao huu ulikuwa sehemu ya Mbinga hadi mwaka 2012 ilipoundwa Wilaya ya Nyasa, yenye jina la ziwa lenyewe. Ukijiita kwa jina la mtu, wajibu wako ni kumtunza. Mimi tangi langu nililigawa zamani. Samaki saba nilioua hawatarudi, lakini ndugu zao bado wako kwenye jiwe la Liuli, na kesho asubuhi mtu atashuka pale na beseni.