Tasnifu za falsafa zitoke maktabani, ziende barazani

Mtu akisikia kwamba jirani yake anasomea falsafa hadi ngazi ya uzamivu, huuliza kwanza: atafanya kazi gani? Ni swali la haki, maana ada ni kubwa na miaka ni mingi. Lakini lipo lingine linalopaswa kulitangulia: tasnifu hiyo inajibu hoja ya nani? Katika idara zetu za falsafa, tasnifu nyingi hujengwa kwa vitabu juu ya vitabu. Mwanafunzi huchagua dhana moja ya Kant au Aristotle, hufanya mapitio ya maandiko, huongeza sura ya mwisho kuhusu muktadha wa Afrika, kisha huenda kuitetea kazi yake mbele ya jopo. Akifaulu, nakala hupelekwa rafuni na mara nyingi huko ndiko hadithi yake inakoishia. Hoja yangu ni kwamba vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinapaswa kuifanya kazi ya uwandani, yaani mazungumzo marefu na watu wanaofikiri miongoni mwetu, kuwa sharti la kila shahada ya uzamili na uzamivu katika falsafa.

Njia hii haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Ilibuniwa Nairobi na Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyesoma Uppsala, Sweden, na Wayne State, Marekani, kisha akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Kuanzia miaka ya 1970, yeye na wanafunzi wake walikwenda vijijini na kinasa sauti, wakakaa na wazee waliosifika kwa busara, wakawauliza kuhusu Mungu, kifo, uhuru, usawa na haki. Hawakuishia kuandika walichoambiwa. Mzee akisema ndivyo mila inavyotaka, walimuuliza kwa nini mila itake hivyo, na kama hiyo ni sababu ya kutosha. Kwa kuhoji namna hiyo, Oruka aliwatofautisha wazee wa aina mbili: wale wanaoijua mila barabara na kuirudia kama walivyoipokea, na wale wanaoijua vilevile lakini wakaipima, wakaikosoa, na pengine wakaikataa. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa, hata kama hawakuwahi kuingia chuo kikuu. Matunda ya kazi hiyo yalitoka mwaka 1990 katika kitabu chake Sage Philosophy.

Tazama walichosema wawili kati ya wazee hao. Paul Mbuya Akoko alishikilia kwamba Wajaluo walikosea walipodhani Mungu wao ni mwingine na wa Wazungu ni mwingine. Sababu yake haikuwa andiko wala desturi. Alisema kama miungu ingekuwa mingi, kila mmoja angetawala kivyake na ulimwengu ungevurugika, ilhali sisi tunauona una utaratibu. Njeru wa Kinyenje akafika mbali zaidi: hakusali wala hakwenda kwa waganga, kwa kuwa hakuona ukweli katika dini wala katika uganga. Hapo una watu wawili wanaopingana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja anapingana pia na majirani zake. Linganisha na Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji wa Katanga, aliyetoa mwaka 1945 kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu kana kwamba Wabantu wote wana kichwa kimoja. Hata John Mbiti, msomi wetu aliyefundisha Makerere, katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliwaeleza Waafrika kuwa watu wa dini katika kila jambo. Majibu ya Njeru peke yake yanatosha kuulazimisha ujumla huo uandikwe upya. Na majibu hayo yasingepatikana maktabani, kwa sababu hayakuwa yameandikwa popote.

Tusipoifanya kazi hiyo sisi, itafanywa na wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mjerumani Kai Kresse, aliyekuwa akisomea uzamivu London, aliishi katika Mji wa Kale wa Mombasa, akakaa barazani na kufuatilia mijadala ya mtaa. Mwaka 2007 kikatoka kitabu chake, Philosophising in Mombasa, kinachowachambua Ahmad Sheikh Nabhany, mshairi Ahmed Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir kama watu wenye fikra zao wenyewe. Ni kazi nzuri na ya heshima, na hakuna sababu ya kumlaumu aliyeifanya. Wa kulaumiwa ni utaratibu wetu: mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyekua na Kiswahili kinywani na anayeweza kufika Mombasa kwa nauli ya basi, hadaiwi na mtaala wake kupiga hodi kwenye baraza hizo. Na si kwamba elimu ya juu inamzuia mtu kuchota fikra za kwao. Padri Alexis Kagame wa Rwanda aliandika tasnifu yake ya uzamivu Roma kuhusu fikra za Wanyarwanda, ikachapishwa mwaka 1956. Euphrase Kezilahabi alimaliza uzamivu wake Wisconsin mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, kisha akatupa Nagona na Mzingile, riwaya ambazo mpaka leo zinawaumiza vichwa wahakiki wa Kiswahili.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba hiyo si falsafa bali anthropolojia. Paulin Hountondji wa Benin, aliyeandika tasnifu yake kuhusu Husserl, alipinga vikali tabia ya kuziita imani za kabila zima falsafa. Mnigeria Peter Bodunrin akaongeza mwaka 1981 kwamba kumpata mzee anayeweza kujibu maswali ya kifalsafa ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba kulikuwa na falsafa kabla ya mtafiti kufika ni jambo jingine. Pengine hoja imezaliwa na maswali ya profesa. Hoja za wote wawili zina ukweli, na ndiyo maana sharti ninalolitetea si la kukusanya methali na desturi. Mwanafunzi anayerudi na orodha ya imani za kijiji afelishwe. Anayerudi na hoja ya mtu mwenye jina, pamoja na pingamizi alizopewa mtu huyo na namna alivyozijibu, amefanya falsafa. Kuhusu hoja kuzaliwa na maswali, Socrates hakuandika kitu. Tunachokijua tunakipata kwa Plato na wengine waliomwandika, na hakuna idara inayomfuta kwa sababu hiyo. Fikra inayozaliwa katika majibizano bado ni fikra.

Wengine watasema mwanafunzi anahitaji kwanza msingi wa mantiki na historia ya falsafa. Nakubali bila masharti. Asiyejua kutenganisha hoja halali na batili hataweza kumbana mzee kwa maswali. Atatikisa kichwa tu na kuandika. Kant na Aristotle wabaki, tena wasomwe kwa bidii zaidi, kwa kuwa huwezi kuhoji vizuri bila kuzoezwa. Wapo pia wanaohofia kwamba tutawatukuza wazee kupita kiasi. Hofu hiyo ni ya kweli, na hata Oruka hakusalimika: wengi wa aliowahoji walikuwa wanaume. Mwanamke aliyesuluhisha migogoro ya ndoa kwa miaka mingi ana nadharia ya haki, hata kama hajawahi kuulizwa. Upungufu wa kazi iliyotangulia unatuonyesha pa kuanzia tasnifu mpya.

Nalirudia sasa swali la jirani kuhusu kazi. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika yeye mwenyewe. Ukoo wa mumewe ukataka azikwe Siaya kwa mila za Kijaluo. Oruka aliitwa kizimbani kutoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu mila hizo, na mwishowe ukoo ukashinda. Unaweza kuupinga uamuzi huo, na wengi wameupinga. Lakini maswali yaliyokuwa mbele ya mahakama, kama maiti ni ya nani na kama maisha ya mjini yanamtoa mtu katika mila za ukoo wake, yalikuwa ya kifalsafa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahakama, kamati za maadili za hospitali na mabaraza ya ardhi hukutana na maswali ya namna hiyo kila mara. Msomi aliyezoea kuisikiliza hoja ya mkulima na kuipima kwa mantiki ana la kuchangia huko.

Mageuzi yenyewe si makubwa. Andiko la utafiti lionyeshe mwanafunzi atazungumza na nani na kwa nini; kibali cha utafiti aombe COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kama wenzake wa sayansi wanavyofanya; wazungumzaji wakiridhia, watajwe kwa majina kama wenye hoja, na sauti zao zihifadhiwe katika maktaba ya chuo; muhtasari wa Kiswahili urudishwe na kusomwa mbele yao kabla ya siku ya utetezi, ili wapate nafasi ya kupinga walivyoeleweka. Wakuu wa idara waliweke hili katika mitaala. Na wewe unayejiandikisha mwaka huu usisubiri mtaala ubadilike: mwombe msimamizi wako ruhusa na uanze mapema, kwa sababu wazee hawatakusubiri uhitimu.