Dhamana ya Gigahezi Tano

Wenzangu darasani hushikilia kuwa ni busara kulipia zaidi prosesa iliyokwisha kupimwa, yenye dhamana ya kufika gigahezi 5. Nakataa. Dhamana hiyo ina masharti: volti kadhaa, ubao mama fulani, kipoozaji cha nguvu. Ukikosa kimoja, umejidhamini mwenyewe.

Mwaka 2019 Intel wenyewe walitoa Core i9-9900KS, inayofika gigahezi 5 kwa viini vyote vinane, wakapunguza udhamini kutoka miaka mitatu hadi mmoja. Mtengenezaji anasita, halafu mchuuzi anaapa!

Na 9900K ya kawaida? Hufika 4.7. Kwa hiyo 0.3 tunagombana! Pesa hizo mimi ningenunulia RAM. Kompyuta yangu hukwama kila nikifungua faili la utafiti.